Benki imekunyima kadi ya mkopo Marekani? Anza na barua

Mwaka wangu wa pili Marekani niliomba kadi ya mkopo kwenye benki ileile iliyokuwa ikipokea mshahara wangu. Nikanyimwa. Nikaona aibu, kisha nikapandwa na hasira, na usiku huohuo nikaomba kwenye benki nyingine tatu. Zote zikaninyima. Barua zilipofika wiki iliyofuata, zote nne zilisema neno moja: hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako. Mimi nimezaliwa tarehe 4 Septemba. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika 04/09 kama tulivyozoea nyumbani, siku kisha mwezi. Mmarekani huanza na mwezi, kwa hiyo benki zilikuwa zinamtafuta mtu aliyezaliwa tarehe 9 Aprili, na mtu huyo hayupo duniani. Simu ya dakika chache ilimaliza mambo kwenye benki ya kwanza. Yale maombi mengine matatu ya hasira yaliniachia alama kwa miaka miwili kwenye ripoti yangu ya mikopo, ile kumbukumbu ya madeni na malipo ambayo benki husoma kabla ya kukukopesha.

Tangu hapo nimegeuka msomaji wa barua za watu. Baada ya ibada, harusini, hata msibani, hakosi mtu wa kunivuta pembeni na bahasha mkononi. Ninachowaambia wote ni kimoja: usipige simu wala usiombe kwingine mpaka uijue sababu iliyoandikwa, kwa sababu rufaa inayofaulu ni ile inayojibu sababu hiyohiyo. Kulia kwamba wewe ni mchapakazi na unatuma hela nyumbani kila mwezi hakumsaidii yule aliye upande wa pili wa simu. Yeye ana skrini mbele yake, na skrini imeandikwa kitu.

Umekataliwa lakini huna barua

Kwanza hakikisha kweli umekataliwa. Ujumbe kwamba maombi yako bado yanaangaliwa haumaanishi umenyimwa, na mara nyingi benki inasubiri hati fulani kutoka kwako. Ukikaa kimya, ndipo hukataliwa kwa kukosa kukamilisha.

Sheria ya Fursa Sawa katika Mikopo, ya mwaka 1974, inaipa benki siku 30 tangu ipokee maombi yaliyokamilika ikujulishe uamuzi. Barua ya kukataa ama itaje sababu mahsusi, ama ikwambie kwamba una haki ya kuziomba. Ukipata ya aina ya pili una siku 60 za kuuliza, na wao wana siku 30 za kukujibu. Watu wengi hudhani hawakutumiwa kitu, kumbe barua imekaa ndani ya akaunti yao ya mtandaoni au imetupwa na baruapepe kwenye kapu la takataka.

Na wasikupe sababu ya mkato. Kanuni za sheria hiyo zinasema wazi kwamba haitoshi benki kusema hukufikia viwango vyake vya ndani, au hukupata alama zinazotakiwa. Lazima waseme ni nini hasa. Kwa kawaida sababu hazizidi nne, na nne zinatosha.

Kama walitumia ripoti yako ya mikopo, barua itataja pia kampuni iliyowapa ripoti hiyo: Equifax, Experian au TransUnion. Hapo una siku 60 za kudai nakala bure kutoka kampuni hiyohiyo. Idai. Zile nyingine mbili unaweza kuzisoma bila malipo kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com. Tovuti yoyote inayokuomba namba ya kadi ili ikupe ripoti ya bure, ifunge.

"Hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako"

Hii ndiyo inayotuandama sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo kuliko zote, na ndiyo ambayo rufaa yake hufaulu kwa urahisi. Sheria inaitaka benki ijue mambo manne kabla ya kukufungulia akaunti: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya utambulisho. Mojawapo likienda kombo, kompyuta inagoma.

Tarehe nimeshaisema. Jina ndilo lenye visa vingi zaidi. Fomu za Marekani zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na aliyekujazia fomu ya viza huenda aliyapanga kwa namna yake. Kwenye hati moja babu ndiye ukoo, kwenye nyingine babu ametoweka na baba amepanda cheo. Kuna waliofika na jina moja tu kwenye pasipoti, na hati zao za uhamiaji zinasoma FNU mahali pa jina la kwanza, herufi za kusema jina hilo halijulikani. Wapo pia waliobadili jina walipopata uraia au walipoolewa, wakabadili leseni ya udereva, wakasahau ofisi ya Social Security, inayotoa ile namba ya utambulisho tunayoiita soshali. Kabla ya kupiga simu, weka mezani kadi ya soshali, leseni na barua ya benki, usome herufi kwa herufi. Fomu ya benki inapaswa kufuata kadi ya soshali. Kama kadi yenyewe ndiyo iliyokosea, irekebishe kwanza ofisini kwao, la sivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Halafu kuna tarehe 1 Januari. Wakongo, Warundi na Wasomali wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Dadaab wameandikiwa siku hiyo kwa sababu siku halisi haikujulikana. Sasa chukua watu wawili wenye jina linalofanana, wote wa tarehe 1 Januari, wanaoishi jengo moja la nyumba za kupanga. Kampuni za taarifa za mikopo zinaweza kuwachanganya, deni la gari la mmoja likaenda kukaa kwenye faili la mwenzake. Dalili yake utaiona kwenye ripoti: anwani usiyowahi kuishi, mwajiri usiyemjua, jina lako limeandikwa kwa namna tatu. Hapo usigombane na benki. Peleka pingamizi kwa kampuni ya taarifa, uambatishe nakala ya kitambulisho, kadi ya soshali na bili ya umeme au maji, na useme waziwazi kwamba faili lako limechanganywa na la mtu mwingine. Wana siku 30 za kuchunguza, ambazo wakati mwingine hufika 45. Wakishasafisha, ndipo unarudi benki.

Anwani nayo. Sanduku la posta halikubaliki kama mahali unapoishi, hata kama barua zako zote huenda huko. Anayekaa kwa binamu huku leseni yake ikisoma mji mwingine atakwama vilevile. Mkataba wa pango au bili yenye jina lako hutatua hilo.

Na sababu moja ambayo watu huicheka wakishaigundua: wao wenyewe walifunga ripoti yao ili mwizi asikope kwa jina lao. Tangu Septemba 2018 kufunga ripoti ni bure nchi nzima, na ni jambo la busara, ila benki haiwezi kusoma kilichofungwa. Ukiomba ifunguliwe kwa simu au mtandaoni, kampuni inatakiwa kuifungua ndani ya saa moja. Fungua kwa kampuni iliyotajwa kwenye barua, kisha uwapigie benki na kuwaambia wasome tena.

Wakikuuliza kwenye simu yale maswali ya kukupima, kama vile uliwahi kuishi mtaa upi au mkopo wa gari ulichukua wapi, na wewe ni mgeni nchini, huna majibu kwa sababu huna historia hiyo. Usibahatishe. Sema unaomba kutuma nakala za hati, au kwenda tawini na pasipoti mkononi.

"Taarifa za mikopo hazitoshi"

Hapa nitakuwa mkweli: rufaa ya sababu hii mara nyingi ni kumpigia mbuzi gitaa. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji hutumia kukupima na zinazoanzia 300 hadi 850, hazihesabiki mpaka uwe na akaunti ya mkopo yenye umri wa miezi sita walau. Hakuna mfanyakazi wa benki anayeweza kukuzalia miezi hiyo kwenye simu.

Watu wa Nairobi huumia zaidi. "Lakini mimi nimelipa mkopo wa benki miaka mitano, sijawahi kuandikwa CRB, kule wanakoorodheshwa wasiolipa madeni." Nakuamini. Ila faili lako la Nairobi halikupanda ndege pamoja nawe, na Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, uliyoilipa kwa uaminifu haimo Equifax. Kodi ya nyumba nayo kwa kawaida haimo, labda mwenye nyumba awe anaiwasilisha.

Kuna hali mbili tu ambazo ningepiga simu. Moja, una akaunti ya muda mrefu kwenye benki hiyohiyo na mshahara unaingia huko: waombe waitazame. Pili, uliwahi kukopa ukitumia namba ya kodi ya ITIN kabla ya kupata soshali. Historia hiyo huenda imebaki kwenye faili la pekee, na unaweza kuziandikia kampuni zile tatu waiunganishe na namba mpya, pamoja na kuwajulisha waliokukopesha.

Vinginevyo omba kadi ya dhamana. Unaweka amana, mara nyingi $200, na kiasi hicho ndicho kinachokuwa kikomo chako. Vyama vya akiba na mikopo vya huku, ndugu wa SACCO zetu, mara nyingi ni wepesi kumpokea mgeni. Mume, mke au dada mwenye kadi safi anaweza pia kukuongeza kwenye kadi yake, na historia yake ikaanza kukubeba. Kumbuka ikichafuka itakuchafua na wewe.

"Kipato hakitoshi"

Mama mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee aliniletea barua hii akiwa amenuna. Nikamuuliza aliandika nini kwenye fomu. Aliandika 1,180. Ndizo anazopokea kila wiki mbili, baada ya makato. Fomu ilikuwa imeuliza kipato cha mwaka, kabla ya makato. Benki ilisoma kwamba anaishi kwa dola 1,180 mwaka mzima, na kwa hesabu hiyo hata mimi ningemnyima.

Hesabu yake ilikuwa hivi: $18 kwa saa, mara saa 40, mara wiki 52, ni $37,440. Hapo hatujagusa ovataimu. Alipiga simu na hati mbili za mshahara mkononi, akasema alikosea kujaza, wakarekebisha.

Vingine vinavyosahaulika ni kazi ya pili, udereva wa jioni, na posho za serikali. Sheria ile ya 1974 inakataza benki kukubagua kwa sababu kipato chako kinatokana na msaada wa umma. Kama umetimiza miaka 21, unaruhusiwa pia kuhesabu kipato cha mwenzi wako ambacho kwa kweli unakitumia, kwa mfano kinachoingia kwenye akaunti yenu ya pamoja. Hili lilirekebishwa mwaka 2013, na akina mama wanaokaa nyumbani na watoto wengi hawalijui. Aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake mwenyewe au apate mdhamini, na si kila benki inakubali wadhamini.

Usiongeze chumvi. Kudanganya kwenye maombi ya benki ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mtu mwenye faili la uhamiaji halijafungwa, hiyo ni hatari isiyolingana na kadi ya plastiki.

"Maulizo mengi ya karibuni"

Ndiyo zile alama zangu tatu. Kila ombi la mkopo huacha ulizo, yaani kumbukumbu kwamba mkopeshaji aliisoma ripoti yako, nalo hukaa kwenye ripoti miaka miwili, ingawa hesabu ya FICO hulitazama mwaka wa kwanza tu. Ukinunua gari, muuzaji anaweza kupeleka jina lako kwa wakopeshaji sita kwa mchana mmoja. Kwenye alama za FICO maulizo ya gari yaliyofuatana kwa siku chache huhesabiwa kama moja, lakini mfanyakazi anayesoma ripoti kwa macho anayaona sita. Hiyo ni sababu nzuri ya kupiga simu na kueleza. Kama maulizo ni ya kadi saba ulizoomba kwa sababu ya zawadi ya kujiunga, tulia miezi kadhaa.

"Salio ni kubwa ukilinganisha na kikomo"

Kadi ya $500 yenye deni la $460 inaonekana kama mtu aliyebanwa koo, hata kama unailipa yote kila mwezi. Kinachosomwa kwa kawaida ni salio la siku taarifa ya mwezi ilipotolewa, wala si ulicholipa wiki moja baadaye. Lipa kabla ya siku hiyo, subiri ripoti ijisahihishe, kisha piga simu ukiwa na ushahidi wa malipo. Usikawie sana, maana maombi ya zamani hufungwa. Ndani ya siku 30 tangu uamuzi ndiyo salama.

Deni usilolijua

Kuna la hospitali, kuna la kampuni ya simu uliyoiacha, na kuna lile ambalo hatupendi kulitaja: ndugu "aliyeazima" namba yako ya soshali alipofika, akachukua simu mbili kwa mkopo na kutokomea mji mwingine. Deni bovu hukaa kwenye ripoti miaka saba.

Kama ni kosa, pingamizi, siku 30, kama nilivyoeleza juu. Kama ni wizi wa utambulisho, jaza taarifa kwenye IdentityTheft.gov, upeleke nakala kwa kampuni ya taarifa za mikopo pamoja na kitambulisho. Wakishapokea vyote, wanatakiwa kuzuia deni hilo lisionekane ndani ya siku nne za kazi. Lakini taarifa hiyo ni tamko la kweli mbele ya serikali, inamtaja aliyefanya kama unamjua, na haiwezi kujazwa nusunusu. Nimeona familia zilizokaa kikao hadi usiku wa manane kabla ya kuijaza. Nimeona pia dada aliyeamua kulilipa deni la kaka yake akanyamaza. Sikumshauri afanye hivyo, ila sikumlaumu.

Kama deni ni lako na umelilipa, chukua barua ya kuthibitisha malipo kabla ya kugusa simu ya benki.

Simu yenyewe

Tumia namba iliyo kwenye barua. Atakayepokea kwanza huenda akajua mambo ya kadi zilizopotea tu, kwa hiyo taja neno lao: reconsideration. Atakupeleka kwa wanaosoma maombi upya. Kiingereza kikikupiga chenga, uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili. Kuna benki zinazo huduma hiyo na hazitangazi. Mtoto wako anaweza kukaa kando akusaidie, lakini asijifanye wewe.

Swali la kwanza kabla ya yote: je, kuangalia upya kutaleta ulizo jingine kwenye ripoti? Kwa kawaida hapana, wanatumia ileile, ila sikia kwa masikio yako. Kisha sema kwa ufupi, kwa mpangilio huu: "Niliomba kadi tarehe 3. Barua inasema kipato hakitoshi. Nilijaza malipo ya wiki mbili kwenye nafasi ya mwaka. Kipato changu ni $37,440 na hati ninazo. Naomba maombi yaangaliwe upya." Baada ya hapo nyamaza. Watu huharibu hapa, ukimya unawatisha, wanaanza kusimulia madeni ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kama tayari una kadi nyingine ya benki hiyo, unaweza kupendekeza wakate sehemu ya kikomo chake waihamishie kwenye kadi mpya. Kwao hatari haiongezeki, na mara kadhaa nimeona hilo likigeuza "hapana" kuwa "subiri kidogo".

Andika tarehe, saa na jina la uliyezungumza naye. Akikataa, mshukuru, uulize ni kitu gani kingebadilisha jibu. Siku ya pili unaweza kupiga tena ukapata mtu mwingine, maana hawasomi faili kwa jicho moja. Mara ya tatu ni usumbufu. Badala yake tuma barua yenye nakala za hati.

Unahisi umenyimwa kwa ajili ya asili yako

Sheria inakataza kunyimwa kwa sababu ya rangi, dini, nchi ya asili, jinsia, ndoa au umri. Hali ya uhamiaji ni jambo tofauti kidogo: benki inaruhusiwa kuiuliza pale inapogusa uwezo wake wa kudai deni, kwa mfano viza yako ikiisha baada ya miezi miwili. Kwa hiyo kuulizwa kuhusu green card peke yake si ushahidi. Ushahidi ni sababu zisizolingana na ripoti, au mfanyakazi aliyekwambia jambo moja na barua ikasema lingine, na ndiyo maana nilisema uandike tarehe na saa.

Malalamiko hupokelewa na CFPB, taasisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Angalia pia jina kamili la benki kwenye barua: likiishia na N.A., hiyo ni benki ya kitaifa, na msimamizi wake ni OCC, ambayo nayo hupokea malalamiko. Vyama vya akiba na mikopo vya shirikisho husimamiwa na NCUA. Ambatisha barua ya kukataliwa, ripoti uliyoisoma na yale maandishi yako ya simu, kila karatasi nakala, na zile halisi zibaki kwenye bahasha yako nyumbani.